Kabla hujaiuza 404 ya babu kwa kilo

KIJANA, hebu chukulia ni Jumamosi asubuhi, uko kwenu nje kidogo ya mji wa Emali, na mnunuzi wa vyuma kuukuu amesimama langoni na mkokoteni wake na mizani ya kuning'iniza. Ameona kitu nyuma ya nyumba, chini ya mti wa mukau. Ni pikapu ya babu, Peugeot 404, iliyolala hapo tangu ukiwa chekechea. Kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Jamaa anapiga hesabu ya kilo kwa macho, anataja bei, na wewe papo hapo unaona karo ya dadako, au simu mpya, au zote mbili ukibahatika. Unajikuna kichwa.

Ngoja kwanza. Sikukatazi kuuza. Gari ni lenu na shida za nyumbani unazijua wewe, si mimi. Lakini kuna jambo ambalo mwenye mizani hatakwambia, pengine kwa sababu hata yeye halijui. Katika gari la zamani, thamani haifuati uzito. Boneti ina kilo zake nyingi, na fundi mzuri wa bodi anaweza kuinyoosha au kukutafutia nyingine. Kile kibati kidogo chenye nambari kilichobanwa karibu na injini hakitikisi mizani hata kidogo, na kikipotea hakuna fundi wa Emali wala wa Nairobi wa kukurudishia. Vivyo hivyo nembo ya simba, vifuniko vya rimu, kitasa cha dirisha na kioo kidogo chenye muhuri wa kiwanda. Vitu hivyo ndivyo vinavyolifanya gari liwe lenyewe, na ndivyo vya kwanza kutupwa.

Hilo ndilo ninalotaka tulijadili leo, kwa sababu naona vijana wengi wameanza kupenda magari ya zamani, na wengi wanayaharibu kwa mapenzi hayo hayo.

Kwa nini sasa?

Anza na bandari. Tangu Januari 1, 2026, gari lililotumika linaloingizwa nchini kwa njia ya kawaida lazima liwe lilisajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Hiyo ni kwa mujibu wa kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515, kisichoruhusu gari la zaidi ya miaka minane. Kila Januari mstari huo husogea mbele mwaka mmoja. Maana yake kwako ni rahisi: magari ya enzi za babu hayaji tena na meli kama Probox na Vitz. Yaliyopo ni haya haya yaliyo chini ya miti ya mikau, nyuma ya gereji na kwenye boma za wafugaji upande wa Kajiado. Likikatwa moja, limepungua moja.

Kisha kuna biashara ya vyuma. Utakumbuka Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara hiyo baada ya minara ya umeme kuharibiwa na nchi kuingia gizani. Marufuku iliondolewa baadaye mwaka huo huo, na biashara ikarudi chini ya masharti. Sheria ya Vyuma Kuukuu ya 2015 inataka kila mfanyabiashara awe na leseni. Sheria hiyo inalinda nyaya na reli. Haina neno la kulinda kifuniko cha rimu cha 1968. Ukishakiweka kwenye mizani, kitasafiri na vingine hadi kwenye tanuri, na kama ni aluminiamu huenda kikarudi sokoni Emali kama sufuria ya kupikia isyo.

Jambo la tatu ni Safari Rally. Tangu mashindano hayo yarejee kwenye ratiba ya dunia 2021 na kuhamia Naivasha, vijana wengi wameanza kuuliza habari za zamani. Wanasikia kwamba Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda 1965 kwa Volvo PV544. Wanasikia kwamba Shekhar Mehta alishinda mara tano, mara ya kwanza 1973 akiwa na Datsun 240Z. Na ukifuatilia orodha hiyo utakutana na gari la babu yako: 404 ilishinda Safari 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka wa 1963 na ule wa 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff.

Kwa hivyo yule kuku wako hatagii kwenye kiti cha hivi hivi.

Vitu vidogo ni vipi hasa?

Wengi wakisikia kurejesha gari la zamani wanafikiria rangi. Wananunua puti na rangi nyekundu ya kung'aa, wanaweka rimu pana, wanafunga taa za LED, video inapanda TikTok, wasee wanapiga laiki. Gari linapendeza, sikatai. Lakini mtu anayelijua akilizunguka mara moja tu, anaona kwamba limebaki umbo peke yake.

Chukua feni. Kwenye 404, feni ya kupoza injini haizunguki wakati wote. Kuna sumaku ya umeme inayoishika injini ikipata moto na kuiachilia ikipoa. Ulikuwa ubunifu mkubwa kwa gari la kawaida la wakati huo. Lakini ile kaboni ndogo inayopitisha umeme huisha, na ikiisha, injini inachemka mlimani. Fundi aliyekutana na shida hiyo miaka hiyo, bila kipuri, alifanya alichoweza: alifunga feni kwa bolti izunguke daima. Gari likaenda. Ndiyo maana 404 nyingi utakazofungua leo feni yake imekufa usingizi wa kudumu, na mwenyewe hajui kwamba iliwahi kufanya kazi tofauti.

Chukua rimu. Ya 404 inashikwa na nati tatu, si nne wala tano. Mtu akikuletea rimu za gari jingine na kutoboa matundu mapya ili zikae, ujue ameshaharibu kitu ambacho hakikuwa na shida. Angalia pia bampa ya mbele: kuna nafasi ya kupitishia mkono wa kuwashia injini, ule wa kuzungusha betri ikiwa imelala. Mkono wenyewe mara nyingi uko nyumbani, umegeuzwa kuwa chuma cha kuchochea moto au cha kufungia mlango wa zizi. Uliza mama kabla hujasema haupo.

Halafu kuna vile ambavyo hata fundi havioni kuwa ni kitu. Klipu za mipira ya maji za zamani hazifanani na hizi za skrubu tunazonunua dukani leo. Nyaya zilifungwa kwa kitambaa au tepu ya aina fulani, si zile tepu za rangi rangi. Bolti nyingi zilipakwa madini ya kuzuia kutu, zikawa na rangi ya fedha iliyofifia au ya manjano kidogo, na ukizipulizia zote rangi nyeusi umefuta ushahidi. Kila kioo cha gari kina muhuri mdogo pembeni unaotaja aliyekitengeneza. Vioo vyote vikiwa na muhuri mmoja, kisha kimoja kina mwingine, ujue hapo palitokea ajali au wizi. Gari linakusimulia maisha yake, ni wewe tu kusoma.

Na si Peugeot tu. Emali imekaa kwenye makutano: ukiacha barabara ya Mombasa ukashika ya Loitokitok unaingia nchi ya wafugaji na ya Amboseli, na huko Land Rover ndizo zilizokuwa mfalme. Sasa mtu ananunua Land Rover ya Series IIA, anakosa grili, anachukua ya Series III kwa sababu inaingia. Inaingia kweli. Lakini Series III, iliyoanza 1971, ilikuja na grili ya plastiki, na saa za dashibodi zikahamia mbele ya dereva badala ya katikati. Hata Series IIA yenyewe ilibadilika njiani: za mwanzo zina taa zilizokaribiana katikati, za mwisho mwisho wa miaka ya 1960 taa zikahamia kwenye mabawa. Ukichanganya hayo matatu umeunda gari ambalo kiwanda hakikuwahi kuliunda.

Kiwanda kipi?

Hapa ndipo penye kosa ambalo hata wajuaji wanalifanya, na ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Ukiamua kufanya mambo kwa usahihi, utaenda intaneti. Utapata picha nzuri za 404 iliyopigwa picha Paris. Utasema, hii ndiyo ya kiwandani, nami nifuate hii. Utaona taa za manjano na utazitamani. Basi jua kwamba taa hizo zilikuwa sheria ya Ufaransa. Kuanzia 1936 hadi 1993 magari ya huko yalitakiwa kuwa na mwanga wa manjano. Kenya haikuwa na sheria hiyo. Ukifunga taa za manjano kwenye pikapu ya Emali ukisema umerudisha hali ya mwanzo, umelivalisha gari la babu nguo za mtu mwingine.

Kuna kosa baya zaidi. Ukiagiza kioo cha taa kutoka Ufaransa, kitakuja kimechongwa kwa barabara za watu wanaoendesha upande wa kulia. Ukishusha taa usiku, mwanga wa kioo hicho huinuka kuelekea kulia, kwa sababu kwao huko ndiko kando ya barabara. Sisi tunaendesha kushoto. Huku kwetu kulia ndiko anakotokea dereva wa lori. Fikiria uko kwenye barabara ya Mombasa saa tatu usiku, trela limeshiba kontena, na kioo chako "halisi" kinammulika dereva machoni. Kipuri kimetoka kiwanda chenyewe, kina nembo sahihi, na bado si sahihi kwa gari lako. Kinaweza kuua mtu.

Kwa hivyo swali la kwanza ni kiwanda kipi. Kenya ilijenga viwanda vya kuunganisha magari miaka ya 1970: Leyland pale Thika, ambayo leo ni KVM, AVA pale Mombasa, na General Motors Nairobi, ambayo leo inaitwa Isuzu East Africa. Magari yalifika vipande vipande kwenye makasha, yakafungwa nati na mikono ya Wakenya. Serikali ilitaka baadhi ya vitu vitoke nchini: betri, springi, rangi, na matairi ya Firestone yaliyotengenezwa Nairobi. Ufaransa iliacha kuunda saluni ya 404 mnamo 1975. Hapa Kenya 404 iliendelea hadi 1991. Tafakari hilo. Gari la Wafaransa, lililochorwa na Pininfarina wa Italia, liliishi Kenya miaka mingi baada ya kwao kulisahau.

Kama ya babu ni miongoni mwa hizo, basi kitabu cha Ufaransa kitakusaidia kwenye injini na gia, lakini hakitakwambia rangi ya pipa gani ilitumika huku, wala kitambaa gani kilishonwa kwenye kiti. Majibu hayo yako huku. Yako kwa mzee aliyestaafu kiwandani akarudi kulima maembe Makueni. Yako kwa fundi aliyefungua gari hilo likiwa jipya. Yako kwenye sanduku la babu lenye risiti. Na wazee hao hawangoji. Kila mwaka tunazika wachache, pamoja na majibu yao.

Siku ipi?

Tukimaliza kiwanda, kuna swali la pili, ambalo halina jibu moja. Unalirudisha gari kwenye siku ipi ya maisha yake?

Watu wazima wanaokusoma hapa wanakumbuka Peugeot za abiria, zile za milango mitano zilizokuwa zikitoka Nairobi kwenda mashambani zimejaa watu, mizigo imefungwa juu kwa kamba. Gari la namna hiyo liliongezewa springi. Liliwekwa keria. Lilipigwa mstari wa rangi ubavuni. Hakuna kati ya hayo kilichotoka kiwandani. Je, ukilirejesha utayang'oa yote?

Mimi nasema inategemea, mradi uamue na uandike. Ukichagua siku lilipotoka kiwandani, basi keria inatoka, lakini iweke, usiiuze. Ukichagua siku lilipokuwa likibeba abiria, basi keria inabaki, na utafute na springi zenyewe. Kisichofaa ni gari lenye keria ya miaka ya 1980, rimu za 2015, taa za Paris na tangazo mtandaoni lisemalo "original kabisa".

Na tafadhali, usimdharau yule fundi aliyefunga feni kwa bolti. Emali ni mji wa njiani. Malori, mabasi, ng'ombe wanaokuja sokoni, watalii wanaokwenda Amboseli, wote wanapita hapa, na fundi wa hapa amezoea swali moja: tutaondoka kabla ya giza? Ufundi wake ni wa kukutoa barabarani. Waya, kipande cha tyubu, bolti ya gari jingine. Bila ujanja wake, pikapu ya babu ingeshakatwa zamani, na wewe leo usingekuwa na cha kurejesha. Mtafute, umsalimie kwa heshima, umwombe akukumbushe alibadilisha nini na kile cha zamani alikitupa wapi. Mara nyingine utashangaa: kiko kwenye mkebe wa mafuta pembeni mwa gereji, kimengoja miaka ishirini.

Pale uhalisi unapokoma

Kuna mahali ambapo ni lazima uachane na kiwanda, na nisipokwambia nitakuwa nimekukosea.

Mahali pa kwanza ni usalama. Magari mengi ya zamani yalitoka bila mikanda. Tangu Sheria za Michuki zianze kutekelezwa 2004, mkanda si hiari. Ufunge. Breki na matairi yawe mapya, hata kama tairi la zamani bado lina maandishi mazuri ubavuni. Kanuni ni hii: unachokiongeza kiweze kutolewa kesho bila kuacha tundu. Tumia matundu yaliyopo.

Mahali pa pili ni karatasi. Nambari ya chesisi haiguswi. Kuibadilisha au kuichonga upya ni kosa la jinai, na hakuna polisi atakayekusikiliza ukimwambia ulikuwa unapendezesha. Ukibadilisha rangi au injini, unatakiwa kuwaarifu NTSA ili logibuku ilingane na gari. Bamba la nambari nalo lina mtego wake. Tazama picha za Safari za miaka ya 1960 uone bamba nyeusi zenye herufi nyeupe, herufi tatu na nambari bila ile herufi ya mwisho tuliyoizoea. Zinapendeza mno. Lakini barabarani utatumia bamba linalotolewa na NTSA, na tangu Agosti 2022 tumeingia kwenye bamba za kizazi kipya. Lile jeusi la babu lisafishe, ulitundike sebuleni, ulitoe siku ya maonyesho.

Tena kuna mapendekezo ya NTSA ya kuyakagua hata magari ya kibinafsi yanapozidi miaka minne tangu yaundwe. Hapo wenye magari ya miaka hamsini wanapaswa kuwa na sauti. Gari la zamani likaguliwe breki, taa na stelingi, ndiyo, tena kwa ukali. Lakini lisihukumiwe kwa kukosa kitu ambacho halikuzaliwa nacho. Kama vijana wanaopenda magari haya watakaa kimya kwenye vikao vya maoni ya umma, wasije wakalia baadaye.

Mahali pa tatu ni ukweli. Hannu Mikkola alishinda Safari 1972 kwa Ford Escort RS1600, na tangu hapo kila mwenye Escort ya kawaida anatamani iwe RS. Nembo zinauzwa mtandaoni. Ukibandika nembo ya RS kwenye Escort ya kawaida kwa kujifurahisha, sawa, mwambie kila mtu. Ukiibandika ili uuze ghali, huo ni utapeli, na mnunuzi akija na mtu anayejua kusoma nambari, utaaibika mchana.

Kuna pesa?

Najua swali hilo limekuwa likikuwasha tangu mwanzo. Haya yote si mchezo wa matajiri wa Karen?

Nitakujibu bila kukupamba. Mara nyingi gharama ya kurejesha gari kikamilifu huzidi bei utakayouzia. Ukiingia ukidhani utaomoka kwa gari moja, utalia. Kila mwaka Nairobi huwa na maonyesho ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970 na yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo. Majaji huliangalia gari nje, ndani, kwenye injini na hata chini ya tumbo. Wanaoshinda pale wametumia miaka na pesa.

Lakini angalia upande wa pili. Wenye magari hayo hawashoni viti wenyewe. Hawatengenezi nyaya wenyewe. Wanamtafuta mtu anayejua kushona kiti kwa mshono wa zamani, mtu anayeweza kurudisha kroma, kuchonga kipuri kidogo kwenye mashine au kuinyoosha bati bila kuizika kwenye puti. Na mtu wa namna hiyo ni adimu. Ulipo Emali, kilomita kama 130 kutoka Nairobi, una barabara, una reli ya SGR inayosimama mjini, na una magari ya kujifunzia chini ya miti. Usichokuwa nacho bado ni jina la kuaminika. Jina hilo halijengwi na rangi nyekundu. Linajengwa siku mteja atakapokuona umeweka klipu sahihi mahali ambapo yeye mwenyewe asingetazama.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba ujuzi huu unauzwa kwa kilo pamoja na magari. Kijana wa polytechnic anafundishwa injini ya kompyuta, na ni vizuri, ndiyo kazi ya kesho. Lakini mzee anayejua kuirudisha ile feni ya sumaku hana mwanafunzi. Akiondoka, hata ukiwa na gari na vipuri vyote, hutakuwa na wa kukuonyesha nafasi ya ule ulimi mdogo wa kaboni.

Sasa fanya hivi

Rudi langoni. Mwambie mwenye mizani aje wiki ijayo. Hatakasirika, njia yake ni hiyo hiyo.

Kisha chukua simu, piga picha gari lote kabla hujagusa chochote: chini ya boneti, chini ya kiti, nyuma ya milango, kila waya unapopita. Usioshe kwanza. Vumbi nalo huonyesha kitu kilikuwa wapi. Andika nambari ya chesisi na ya injini, uzilinganishe na logibuku.

Tafuta rangi ya mwanzo mahali jua halijafika: chini ya zulia, ndani ya dashibodi, nyuma ya nembo. Ukipata msasa laini na maji, sugua sehemu ndogo iliyofichika polepole. Rangi zitatokea moja chini ya nyingine, kama pete za mti uliokatwa. Ya ndani kabisa, juu tu ya ile ya kuzuia kutu, ndiyo uliyokuwa ukiitafuta.

Kila unachokitoa kiweke kwenye mkebe, uandike jina na kilipotoka. Usitupe bolti hata iwe imepinda, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha urefu na uzi wa ile mpya.

Ingia ndani, umwombe nyanya albamu. Kutakuwa na picha ya harusi, au ya Krismasi, babu ameegemea pikapu yake, mkono mmoja kiunoni. Usiangalie suruali yake ya bugaluu. Angalia kioo cha pembeni kiko upande gani, kifuniko cha rimu kina umbo gani, bampa ina rangi gani. Hiyo picha inalijua gari lenu kuliko intaneti nzima. Ipige picha, uirudishe mahali pake.

Jumamosi ijayo mwenye mizani atakuja. Kutakuwa na vya kumpa: sakafu iliyoliwa na kutu, ekzosi iliyotoboka, zile rimu ambazo mtu aliziingiza kwa nguvu. Pima, pokea pesa yako, mshukuru. Ukiamua baadaye kwamba hata gari lenyewe liende, liuze, lakini uliuze kwa mtu anayenunua Peugeot, likiwa na kibati chake, mkono wake wa kuwashia na picha ya babu. Hapo utakuwa umeuza gari. Leo ungekuwa umeuza kilo.

Na wale kuku, watafutie kikapu.